Muzee Aliyekataa Sahani ya Exaucée

— Chagua, Exaucée. Ni mimi ao ni prison.

Exaucée alikuwa ameinamia sufuria ya maharage, simu ameibana kati ya sikio na bega, mwiko mkononi. Hakushtuka. Alikoroga kwanza, akaonja chumvi, ndipo akajibu.

— Fortunat, chéri, leo ni siku gani?

— Jeudi. Juu ya nini unauliza?

— Basi jeudi mutu haniambii chagua. Jeudi niko na watu wananingojea.

— Wezi ndio wanakungojea! Wauaji! Samedi ya wiki inayokuja wazee wangu wanaleta dot, mahari yako, kwa papa yako, na wewe, bibi yangu, unazunguka na masahani kati ya wafungwa. Watu wa mutaa wetu wa Mapendo watasema nini?

— Watasema Fortunat ameoa mwanamuke anayejua kupika.

— Mimi sicheki.

— Na mimi sicheki, bébé. Mungu aliniita mbele yako. Ulinikuta ndani ya kazi yake, haukunikuta nimekaa bure.

Simu ikakatwa. Exaucée akaguna, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akaendelea na maharage yake.

Sasa tuelewane mapema: huyu binti si mtu wa kutishwa na simu. Exaucée Nshobole, binti wa papa Mushagalusa karani, watu wa upande wa Bukavu waliohamia Goma zamani. Alikuwa mshonaji, na mashine yake ilikuwa na wateja. Vita ya Rutshuru ilipomwaga wakimbizi mjini hadi madarasa ya shule yakajaa magodoro, padri wa parokia aliomba watu wa kuhudumia. Wengi waliinua mikono kwa ajili ya kambi. Padri akauliza, na wafungwa je? Bwana Yesu si alisema na kule yupo? Kanisa zima likainama, watu wanatafuta kitu chini ya viti. Exaucée akajikuta amesimama. Watu waligeuka kuona ni nani, na yeye mwenyewe nusura ageuke kuona ni nani.

Tangu siku ile hakukaa tena. Kule ndani, mwenye ndugu huletewa chakula na ndugu zake. Asiye na ndugu hungoja vungure, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, siku chakula kikiwepo. Siku kisipokuwepo anaangalia wenzake wakitafuna. Exaucée alisema hao wa kuangalia ndio watu wake, na mjadala ukaishia hapo.

Fortunat naye? Kijana wa watu, soudeur hodari, ndiye aliyechomelea nusu ya milango ya chuma ya mtaa ule. Mzaliwa wa Kalengera, kule Rutshuru, alikimbia na vita kama wengine. Yatima. Siku ya kwanza kumpeleka Exaucée kunywa fanta alimweleza: baba alipotelea njiani wakati wa kukimbia, wakafanya matanga kambini bila maiti, na mama naye akafuata. Jina la baba hakulitaja, wala Exaucée hakuliuliza. Exaucée alilia siku hiyo kuliko mwenye msiba. Alimpenda hapo hapo, na hakuwahi kujuta.

Ila ile habari ya prison, Fortunat hakuimeza. Kadiri arusi ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kuwaka.

Saa ya kugawa chakula cha Alhamisi ilifika kule gerezani. Exaucée akapita kati ya wafungwa na sahani, anasalimia, anataniwa, anajibu. Akafika pembeni ya ukuta alipokaa muzee Viateur.

Muzee Viateur alikuwa mrefu, mifupa mitupu, mwenye adabu ya kupokea sahani kwa mikono miwili. Mwaka mzima alikuwa rafiki yake mle ndani. Hakuwa na mgeni hata mmoja, na kwao hakuwahi kutaja. Lakini wiki iliyopita alikataa chakula, na Exaucée akadhani ni homa.

— Muzee, karibu bugali. Mbali na maharage, leo kuna sombe, majani ya muhogo, na samaki ya ziwa ya Vitshumbi. Kichwa nimekuwekea wewe.

Muzee akageuza uso ukutani.

— Peleka kwa wagonjwa, mutoto.

— Jeudi ilipita ulisema vile vile. Unaumwa?

— Hapana.

— Basi nilikukosea?

— Hapana. Mungu akubariki, akupe batoto. Peleka kwa wagonjwa.

Akavuta blanketi lake lililochakaa, akajifunika hadi kwenye paji la uso. Exaucée akaipeleka sahani kwa wagonjwa kama alivyoambiwa. Kutukanwa na wafungwa alishazoea. Kukataliwa na huyu kulimuuma kweli kweli.

Nje ya lango, aliporudishiwa simu, ujumbe wa Fortunat ulikuwa unamsubiri:

"Bado uko kule? Nakuomba kwa mara ya mwisho. Acha hii mambo. Nakupenda."

Aliifunga simu kwenye kitenge, akatembea kimya pembeni ya mama Mukamugema, mkuu wa kikundi chao, mama wa milima ya Masisi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka kilima cha pili.

— Leo mudomo umeenda wapi? — mama akauliza.

— Mama, muzee Viateur ananichukia.

— Viateur? Yule anayekuombea mpaka sisi wengine tunasinzia?

— Hali tena chakula yangu. Haniangalii. Hanipi mukono. Anaongea na ukuta, anajifunika uso na blanketi.

Mama Mukamugema akasimama katikati ya barabara, sufuria kichwani. Pikipiki zikampigia honi, hakuzisikia.

— Rudilia. Anajifunika uso?

— Ndio.

— Na anakubariki?

— Kila mara.

— Ilianza lini?

— Ilianza siku niliomba waniombee juu ya ndoa.

— Ulitaja jina ya fiancé?

— Nilitaja. Nilisema Fortunat, soudeur, mutoto wa Kalengera.

— Mawee! Exaucée! Wewe ni mutoto wa Bukavu, haujui vitu ya kwetu. Sikia. Kwetu Masisi na kule Kalengera, wazee wa zamani, mwanaume hali mbele ya muke wa mutoto wake mpaka dot ipite. Hamuangalii machoni, hamupi mukono. Si chuki ile. Ni heshima ya mukwe.

Exaucée akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kuelewa.

— Mama, Fortunat hana papa. Papa yake alikufa.

— Nani alimuzika?

Exaucée akakumbuka alivyosimuliwa. Matanga yalifanywa, pombe ya matanga ilinywewa, nywele zilinyolewa. Maiti hakuna aliyeiona.

Akageuka, akarudi langoni karibu anakimbia. Mlinzi akasema saa imepita. Mama Mukamugema akasema neno moja tu kwa sauti yake ile, na mlinzi akafungua.

Muzee Viateur alikuwa palepale. Exaucée hakumkabili. Alikaa chini, akampa mgongo, ili muzee asilazimike kumwangalia. Wakawa wanaongea hivyo, mmoja anatazama ukuta, mwingine anatazama uwanja.

— Papa Viateur, Fortunat ni mutoto wako?

Muzee akalishusha blanketi kutoka usoni.

— Nani alikuambia?

— Sahani ulizokataa.

— Eeh. Tulipokimbia, wenye bunduki walinikamata barabarani, wakanibebesha mizigo yao. Ukikataa, unakufa. Mbele kidogo askari wakawashinda wale, wakanikuta nimebeba masanduku ya risasi kichwani. Hawakuuliza nimezitoa wapi. Mpaka leo sijaona uso wa juge wa kukata kesi yangu.

— Na Fortunat anajua?

— Mwenzangu mumoja aliachiliwa mwaka jana, nikamutuma kwake. Alimukuta. Alimuambia.

— Halafu?

— Halafu basi. Ameniacha nikuwe maiti, na ni vizuri. Mutoto, usimuharibie arusi. Maiti haimupunguzii mutoto wake heshima. Mufungwa anamupunguzia.

Exaucée akafuta macho kwa kitenge.

— Muzee, mimi Mungu hakuniita kupikia maiti.

Nyuma yake akasikia muzee anacheka, na kicheko kikageuka kilio.

Fortunat alikuwa ndani ya atelier yake ya kuchomelea, miwani myeusi usoni, cheche zinaruka. Exaucée akasimama mlangoni.

— Toa miwani.

— Umeacha prison?

— Natoka kwa papa yako.

Fimbo ya kuchomelea ikamponyoka.

— Papa yangu alikufa.

— Fortunat.

— Tulifanya matanga! Kalengera yote inajua! Uliza mutu yeyote!

— Nimeongea naye leo. Aliniomba nikuache uendelee kumuzika. Unasikia? Alikuombea wewe, hakujiombea yeye.

Fortunat akavua miwani taratibu. Akakaa juu ya chuma kilichokuwa bado hakijawa mlango.

— Mama alikufa ku camp akilia kama mujane — akasema. — Nikisema papa iko muzima, basi mama alikufa juu ya nini? Na nikisema iko ku prison, watu wa kwetu watasema kumbe ni kweli, alibebea wale waliotuchomea manyumba. Nilienda mpaka ku mulango siku moja. Nikarudi.

— Juu ya nini ulirudi?

— Niliogopa, Exaucée. Basi. Niliogopa.

Alitaka kumpiga kofi, alitaka kumkumbatia, vyote viwili kwa nguvu ile ile. Hakufanya hata kimoja.

— Kumbe ndiyo sababu ulitaka niache.

— Nilijua siku moja utamukuta.

— Basi sikia vizuri. Nakupenda. Nakupenda na hasira yote hii. Mimi sitakutangaza kwa mutu, siri ni yako na wewe ndiye wa kuitoa. Jeudi nitaingia na sahani zangu. Kuja tuingie wote. Usipokuja, samedi papa yangu akiniuliza kama akunywe pombe yenu ya dot, nitamujibu hapana.

— Utaniaibisha mbele ya wazee?

— Ni wewe utachagua. Si wewe ulileta habari ya kuchagua?

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Alipofika nyumbani ndipo alipojifungia chumbani na kulia mpaka mto ukalowa. Kujiamini si kukosa machozi, jamani.

Jeudi ikafika. Exaucée alichelewesha sufuria, akachelewesha safari, akasimama langoni anachungulia barabara mpaka mama Mukamugema akamvuta mkono. Simu ikalia kabla hajaikabidhi kwa mlinzi:

"Siwezi. Nisamehe."

Akajibu:

"Kwangu ni rahisi kusamehe. Lakini si mimi ulizika."

Samedi, yaani Jumamosi, uwanja wa papa Mushagalusa ulifungwa bâche, turubai la kivuli, viti vikapangwa, upande wa mume huku, upande wa mke kule. Asubuhi papa alimwona binti yake anatoka kuoga, akamkazia macho.

— Leo uko na sura ya kesi, si ya arusi.

— Papa, leo ukiniuliza kitu, utaamini jibu yangu?

— Nilishawahi kutoamini? Hata ya prison nilipinga, lakini niliamini.

Wageni wakafika. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa Fortunat, muzee Célestin, mwenye kofia na fimbo, maneno yamejaa kinywani. Ng'ombe walikwisha kukubaliwa. Ilibaki ile sehemu ambayo kila mtu anaingoja: kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kinaletwa, baba wa binti anamuuliza mtoto wake mbele ya watu, "Nikunywe?" Binti akisema kunywa, ameolewa. Akisema hapana, watu wanabeba vibuyu vyao wanarudi kwao.

Exaucée alikaa katikati ya mashangazi, amevaa kitenge kipya. Upande wa pili Fortunat alikuwa na koti la kupendeza na macho mekundu.

Célestin akainua kibuyu.

— Bakwe zetu, mbele ya kupata jibu, kuna mutu anakosekana hapa. Ndugu yangu Viateur, papa wa huyu kijana, alitutangulia. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini sisi wa kwetu hatusahau. Tunamumwagia kidogo chini, akunywe na yeye.

Watu wakainamisha vichwa. Kati ya wanawake, mama Mukamugema akafumba macho, midomo inacheza, anasali. Exaucée akamtazama Fortunat. Fortunat akatazama viatu vyake. Kibuyu kikainama, pombe ikafika mdomoni pa kibuyu.

— Baba mukubwa, usimwage!

Célestin akaganda.

— Unasema nini wewe?

Fortunat alikuwa amesimama. Kiti chake kilianguka nyuma yake.

— Usimwage. Ile ni ya wafu. Papa yangu iko muzima.

Kelele! Mmoja anasema kijana amelewa, mwingine anasema ni pepo, mashangazi wameshika vinywa.

— Iko hapa Goma. Iko ku prison, walimukamata na mizigo aliyobebeshwa. Ninajua tangu mwaka jana, na nilinyamaza. Baba mukubwa, nilikuacha ukalilia ndugu yako na nilijua anapumua. Unisamehe.

Célestin akaweka kibuyu chini.

— Viateur? Viateur wetu? Anaongea? Anatembea?

— Anatembea — Exaucée akajibu. — Na anasali kuliko sisi wote.

Muzee Célestin akavua kofia, akaifunika usoni, akalia mbele za watu bila aibu. Waswahili wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kilichoumbua ni uzima.

Shangazi mmoja akaona ndiyo nafasi yake.

— Mufungwa! Mushagalusa, utatoa binti kwa mutoto wa mufungwa?

Papa Mushagalusa alimgeukia binti yake.

— Ulijua?

— Nilijua, papa.

— Basi nakuuliza mbele ya hawa wote. Nikunywe?

— Usikunywe, papa.

Fortunat akainua kichwa kama aliyepigwa. Exaucée naye alisimama.

— Usikunywe bila mwenyewe. Kijana anaombewa na papa yake, na papa yake haiko mbali. Kesho ni dimanche. Twende tumuulize.

Papa Mushagalusa akaanza kucheka, tumbo zima.

— Nilikukataza ile prison mpaka sauti ikakauka. Na sasa unanipeleka mwenyewe kwa miguu yangu!

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa wakafuatana: Exaucée, Fortunat, papa Mushagalusa na muzee Célestin, na jerikani la mutobe, maji ya ndizi matamu, kwa sababu pombe haiingii kule. Langoni kuna mfungwa ambaye kazi yake ni kuita. Mgeni anataja jina, naye anapiga kelele ndani.

— Munatafuta nani?

Mlango ule Exaucée aliujua kama mlango wa mama yake. Leo alifunga mdomo.

— Viateur wa Kalengera — Fortunat akasema.

— Viateur? Yule hana mutu. Wewe ni nani wake?

Fortunat akatupa jicho nyuma. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu wa Goma, na mmoja wao alikuwa mteja wake.

— Mutoto wake.

— Sema kwa nguvu, huku kelele ni mingi!

— Mutoto wake! Mimi ni Fortunat, mutoto wa Viateur!

Mwita watu akageuka, akafungua kifua:

— Viateur! Viateur wa Kalengera! Mutoto wako iko ku mulango!

Muzee alikuja na kiatu kimoja, anasukuma watu. Fortunat akapiga magoti kwenye vumbi jeusi, na koti lake zuri mwilini.

— Papa, nilikulilia na kumbe uko muzima. Na nilipojua, nikakuacha. Unisamehe.

Muzee akamshika kichwa kwa mikono miwili.

— Siku ile ya matanga, ulinililia sana?

— Sana, papa.

— Basi nilipendwa. Humu ndani kuna wengi hawajawahi kuliliwa na mutu. Simama, mutoto, unaharibu suruali.

Célestin naye akaingia katikati, wakashikana watatu. Ndipo papa Mushagalusa akakohoa, akavua kofia.

— Papa Viateur, kijana wako anataka binti yangu. Jana walinipa pombe, nikakataa kunywa. Nimekuja kukuuliza wewe.

— Mimi? Mimi wa prison?

— Wewe wa Fortunat.

Muzee akafuta uso kwa kona ya shati.

— Huyu binti alinilisha mwaka mzima bila kujua mimi ni nani. Mutu kama huyo nikimukataa, nitapokea nani?

Papa Mushagalusa akamgeukia binti yake. Hakuuliza. Exaucée akaitikia kwa kichwa tu, machozi yanashuka, meno yote nje, na papa akanywa mutobe moja kwa moja kutoka kwenye jerikani.

Kesi ya muzee ilikuwa bado haijaitwa, kwa hiyo maarusi walimwomba padri kitu ambacho parokia haikuwahi kuombwa. Ndoa ilifungwa mle mle uwanjani mwa prison, walinzi mlangoni, wafungwa wakawa kwaya, na mama Mukamugema akapiga vigelegele vilivyosikika hadi barabarani. Hata yule shangazi alikuja, tena na sahani yake.

Ndiye huyo huyo aliyemvuta bwana arusi pembeni.

— Sasa, Fortunat, umeshaoa. Bibi yako si ataacha hii prison?

— Aache? — Fortunat akacheka, akachukua sufuria mikononi mwa mke wake. — Nani mwingine atapeleka chakula kwa papa yangu?